Bihogo Anangoja Ushindi

Chuo cha Ualimu Rwamikoma,
Kanoni, Karagwe.
11 Februari 2024

Mpendwa kaka Sostenes,

Shikamoo. Wanaokuamkia ni nyumba nzima, ingawa nyumba nzima ni mimi na paka. Natumaini wewe na wifi yangu Kyarisiima ni wazima, na kwamba huko Murongo ng'ombe wana majani. Huku mvua ni nzuri. Jumapili nilifika Kituntu kuangalia shamba alilotuachia baba yetu, Taata. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa chini, nimemwomba jirani aing'oe na kuifukia kabla haujapanda juu. Kahawa haina neno.

Sasa habari yenyewe. Tumefungwa tena, nne bila, na hiyo ni mechi ya tatu ya msimu. Bao la kwanza lilimpita kipa wetu Desderius katikati ya miguu akiwa amegeuka kuwagombeza mabeki. La pili mabeki walikuwa wamegeuka kumgombeza yeye. Usicheke. Mimi mlezi wa timu nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi na chupa za maji, nikitamani ardhi inifunike.

Kuna jambo baya zaidi. Kwenye kikao cha wakufunzi Mkuu wa Chuo alisema msimu ukiisha bila ushindi hata mmoja, timu itavunjwa na uwanja utalimwa maharage ya kuwalisha wanachuo. Akaongeza, "Maharage ukiyapanda yanaota." Watu walicheka, kaka. Uwanja ule Taata aliulinda miaka yote ya utumishi wake hapa chuoni, akaufyeka kwa mkono wake, na siku za mechi akaipiga ngoma mpaka wageni wakacheza nasi. Leo ni kichekesho cha kikao.

Na wewe unajua kuna kiumbe kingine kinachongoja ushindi huo. Mimi na wewe tulikuwa pembeni ya kitanda Taata aliponyoosha mkono dirishani na kusema, "Yule ndama ni wa vijana wa Chuo. Siku watakapowashinda Itongo, wachinjieni. Kabla ya hapo asiguswe." Ndama yule, Bihogo, sasa ni fahali wa miaka sita, na Chuo cha Itongo hatujakishinda hata mara moja. Mwaka huu tutakutana nao mara mbili, Mei kwao na Julai kwetu.

Njoo, kaka. Njoo hata mechi moja, uipige ngoma kama zamani. Vijana wanakuuliza. Mvumilivu hula mbivu.

Msalimie sana wifi. Mwambie kahawa ya kutafuna aliyonipa Krismasi imekwisha, na wageni wangu sasa nawakaribisha kwa mikono mitupu kama mtu asiye na kwao.

Mdogo wako,
Asiimwe


Murongo, Kyerwa.
3 Machi 2024

Mdogo wangu Asiimwe,

Marahaba, wewe na paka. Barua yako imechelewa kwa sababu Mwesiga na gari lake la maziwa walikwama njiani siku mbili. Maziwa yaliganda, barua ikapona. Huku tupo. Ng'ombe wawili wamezaa, majike wote. Kyarisiima anakusalimu, ana kikohozi kidogo. Kahawa ameshaianika, atakutumia.

Umeandika pia pembeni ya bahasha kwamba nipande mlimani nikupigie. Asiimwe, nikipanda mlimani mtandao naupata, ila nitasikia nini? Sikio la kufa halisikii dawa, na langu la kushoto ndilo hilo. La kulia linasikia mabati mvua ikinyesha. Andika tu. Na barua inampa mtu nafasi ya kunyamaza pale anapotaka.

Kuhusu mechi, sitakuja.

Nisikilize kabla hujakasirika. Mwaka jana nilitoka hapa alfajiri, nikafika kwenu mchana na vumbi mpaka kwenye meno, nikaipiga ngoma ile. Tulifungwa saba. Baada ya la nne nilikuwa nampigia nani? Watoto wa wageni ndio waliokuwa wanacheza. Kipenga cha mwisho kilipolia niliondoka, na ngoma ya Taata niliisahau pale chini ya mlingoti wa goli. Nilikumbuka nikiwa bado pale barabarani. Sikurudi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kitu fulani ndani yangu kimezimika, maana zamani ningeacha mtoto kabla ya kuacha ngoma ile.

Husemwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tumekubali mpaka tumezoea.

Bihogo yupo. Pembe zimekuwa pana hata mlangoni mwa zizi anaingia kiubavu. Jirani yangu Muhwezi kila akipita huniuliza, "Sostenes, mkwe wako wa Chuo hajaja kuchukua ng'ombe wake?" Mwanzoni nilicheka.

Mwambie jirani wa Kituntu panga la kukatia migomba iliyougua alipitishe motoni kabla ya kushika mgomba mwingine. Asipofanya hivyo anausambaza yeye mwenyewe.

Kaka yako,
Sostenes


Kanoni, Karagwe.
7 Aprili 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwa kahawa, nimeitafuna nikisoma barua yako, na sehemu moja ya barua ilikuwa chungu kuliko kahawa. Mwambie wifi asante, na kikohozi asikichezee, anywe asali na limao. Kama hakiishi aende zahanati.

Ngoma iko salama! Desderius aliiokota siku ile ile, akaiweka bwenini chini ya kitanda chake. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema aliogopa nitamwamuru aipige, na yeye akiwa golini hawezi kufanya yote mawili.

Na sasa sikia. Juzi tumefungwa tatu kwa mbili. Mbili, kaka! Tulikuwa tunaongoza mpaka mapumziko. Wanachuo walitoka madarasani, mpishi alikuja na mwiko mkononi, hata Mkuu wa Chuo nilimwona amesimama kwenye kibaraza cha ofisi akijifanya anaongea na simu. Kipindi cha pili pumzi ilikwisha. Hawa vijana wanakula maharage na ugali asubuhi na jioni, wanafanya mazoezi baada ya kulima shamba la chuo, utawalaumu nini? Bao la tatu liliingia dakika za mwisho. Desderius alikaa chini golini akakataa kuinuka mpaka nilipokwenda kumshika mkono.

Nililia, lakini kilikuwa kile kilio cha mtu aliyeona taa kwa mbali. Nakuambia tutawashinda Itongo. Mechi yao ni Jumamosi ya tarehe 18 Mei. Safari hii sikuombi uje. Nakuomba uamini tu, ukiwa huko huko.

Na Muhwezi mwambie mkwe anakuja.

Wako,
Asiimwe


Murongo.
28 Aprili 2024

Asiimwe,

Marahaba. Ndama wanaendelea vizuri. Mto umejaa, tumewahamishia ng'ombe juu.

Kyarisiima yuko hospitali tangu Jumanne. Wanasema ni mapafu. Ndugu zake wapo naye, nami naenda na kurudi. Usije bado, una kazi. Akizidiwa nitamtuma mtu apande mlimani akupigie.

Anakuuliza mlifungwa ngapi. Nimemwambia tatu mbili. Alifurahi sana, akasema, "Basi wamekaribia."

Sostenes


Kanoni, Karagwe.
2 Juni 2024

Mpendwa kaka Sostenes,

Shikamoo. Pole tena, na pole nyingine. Nilifika salama. Nilitaka kuandika mapema ila kulikuwa na mitihani ya majaribio, na paka alizaa chini ya kitanda changu, watoto wanne, mmoja amekufa. Mvua imeanza kukatika. Senene walikuwa wachache sana mwaka huu, hata nilioahidi kuwakaangia walimu wenzangu sikuwapata. Shamba la Kituntu jirani anapitisha panga motoni kama ulivyosema, mnyauko umesimama.

Siku ya mazishi ya wifi watu walikuwa wengi mno. Nilifurahi kuona alivyopendwa. Maneno ya katekista yalikuwa mazuri. Nyasi mlizotandika ndani zilikuwa laini, nililala vizuri usiku ule.

Kuhusu mechi ya Itongo, sijui kama unataka kusikia. Tulifungwa tano bila. Gari la chuo lilinipakia pale njia panda nilipolikuta asubuhi ile, vijana wakaimba njia nzima. Walijua ninatoka msibani, wakaniambia, "Madamu, leo tunamchezea marehemu." Dakika ya kumi tulikuwa tumeshafungwa mbili. Baada ya la tatu hawakuangalia tena upande wangu. Desderius aliumia kidole akaendelea kudaka kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, kaka. Watu wa Itongo walimpigia makofi, na makofi yale yaliniuma kuliko mabao.

Mkuu wa Chuo hajasema kitu. Bado kuna mechi nne.

Niandikie unavyoendelea. Unakula? Nani anakupikia? Mchungaji wako Nizigiyimana bado yuko na ng'ombe?

Mdogo wako,
Asiimwe


Murongo.
16 Juni 2024

Asiimwe,

Marahaba. Nakula. Nizigiyimana anachunga mchana, jioni anapika, na ugali wake ukiupiga ukutani haushiki. Jua limekuwa kali. Yule mtamba mwekundu alipotea siku mbili akapatikana kwa Muhwezi.

Nilitaka barua iishie hapo. Niliifunga, nikaifungua tena.

Unaniandikia kwamba nyasi zilikuwa laini na ulilala vizuri usiku ule. Usiku mmoja, Asiimwe. Tulimzika Ijumaa, tukalala matanga, na Jumamosi alfajiri, watu hawajanawa uso, wewe ulikuwa umejifunga kitenge uko njiani. Unajua kwetu matanga ni siku nne. Unajua pia wifi ndiye anayekaa karibu na mlango kuwapokea wanaokuja kulia. Walikuja wanawake kutoka ng'ambo ya mto, watu wa kwao Kyarisiima, wakauliza, "Wifi yake yuko wapi?" Nikasema umekwenda kazini. Shangazi yake akasema, "Kazi gani siku ya Jumamosi?" Mimi mwanaume mzima mwenye mvi nikajifanya natafuta kigoda cha kumkalisha. Ningemwambia umekwenda kutazama mpira?

Na jingine. Ijumaa jioni, ulipokuwa ndani na wanawake, wazee waliniita nje. Walisema, "Sostenes, mwanamke huyu amekukamulia maziwa miaka ishirini. Una fahali zizini. Usiwalaze waombolezaji na maharage." Ng'ombe wengine nilionao ni majike wenye mimba na wanaonyonyesha, hao inajulikana hawachinjwi. Fahali ni mmoja. Niliwaambia Bihogo ana usia wa baba yangu. Wakarudi motoni. Muhwezi, ambaye amenitania miaka yote, safari hii hakutania. Aliangalia chini.

Basi watu walikula maharage kwenye msiba wa Kyarisiima. Alikuwa mtu ambaye mgeni hakutoka kwake bila kunywa maziwa. Na Bihogo alikuwa zizini analia usiku kucha kwa sababu ya watu wengi.

Nilimtunza kwa ajili ya vijana wako. Kesho yake wakafungwa tano.

Sikuandikii ili ulie. Nimechoka tu kuandika habari za ng'ombe peke yake.

Sostenes


Kanoni, Karagwe.
14 Julai 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Kila nikianza kujibu naandika salamu, halafu nasimama. Kwa hiyo leo sina habari za paka wala za shamba.

Niliondoka kwa sababu niliamini kwamba nikikosekana watashindwa, na nikiwepo watashinda. Ndivyo nilivyokuwa. Nilipita karibu na kaburi bichi la wifi yangu nikasema moyoni, "Nisubiri, nakuletea ushindi." Nilisema hivyo, kaka. Sasa nikikumbuka naona aibu. Aliyekufa ana haja gani na mpira?

Lazima nikuambie na hili, ingawa najua litakuja vibaya. Jana ilikuwa mechi ya marudiano na Itongo, hapa kwetu, mechi ya mwisho ya msimu. Vijana walichora mistari kwa majivu. Desderius aliitoa ngoma chini ya kitanda akaiweka pale Taata alipokuwa akisimama. Tukangoja. Saa kumi, saa kumi na nusu. Itongo hawakuja. Gari lao liliharibika njiani. Mwamuzi aliangalia saa, akapuliza kipenga katikati ya uwanja wenye timu moja, akatupa pointi tatu na mabao matatu ya mezani.

Vijana walirukaruka kama wamechukua kombe la taifa. Walimbeba Desderius mabegani, kipa ambaye hakugusa mpira. Wakaja kwangu wakiimba, "Bihogo! Bihogo! Tunamtaka Bihogo!" Habari za usia wanazijua, kila anayeingia mwaka wa kwanza husimuliwa. Walitaka niwaambie lini.

Nilisimama pale na chupa zangu za maji, nikatafuta ile furaha. Nimeingoja miaka sita. Nikaitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni. Haikuwepo. Niliona tu watoto wachafu wa majivu wanashangilia gari bovu la watu.

Wewe ndiye mkubwa. Ushindi wa mezani ni ushindi? Usia wa Taata unasemaje? Ukisema hapana, nitawaambia hapana, wala sitasikitika.

Nisamehe. Najua neno hilo kwenye karatasi ni jepesi.

Asiimwe


Murongo.
29 Julai 2024

Asiimwe,

Marahaba. Taata alisema siku watakapowashinda. Hakusema washinde vipi. Kila asubuhi nikifungua zizi Bihogo ananiangalia, nami naona sahani za maharage. Aende.

Nitamleta mwenyewe kwa miguu, mimi na mtoto mmoja wa Muhwezi. Tutaondoka Jumatatu ijayo, tupumzike njiani, Alhamisi tuwe kwenu. Barua hii Mwesiga ataifikisha kabla yetu. Waambie vijana watafute kuni.

Sostenes


Murongo, nyumbani kwako.
9 Agosti 2024

Kaka yangu Sostenes,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kigoda chako, mbele ya mlango wako, na wewe haupo. Nimefika jana jioni. Nizigiyimana ananiambia uliondoka Jumatatu na Bihogo kuja kwangu. Kama uliniandikia, barua sijaipata. Gari la Mwesiga liko gereji wiki ya pili. Nimekuja kwa pikipiki na kwa miguu, na huenda tulipishana mahali fulani, wewe ukiwa umemwingiza kichakani kumpumzisha nami nikipita na vumbi langu.

Sijui aandike nini mtu aliyesafiri kwenda kuomba radhi akakuta mlango umefungwa. Nimwambie nani? Nimekwenda kaburini. Nimeng'oa majani yaliyoota. Nimekaa pale mpaka jua likazama, nikamwambia wifi kila kitu, hata yale matano bila.

Nimemwomba Nizigiyimana akate nyasi, tumezitandika ndani pale pale. Usiku wa jana nimelalia. Nitalala hapa hizo siku zangu nilizozikimbia. Najua matanga hayalaliwi baada ya kuanuliwa. Jirani mmoja mwanamke alichungulia, akanikuta nimekaa kwenye nyasi peke yangu karibu na mlango, akadhani kuna msiba mpya. Nilipomweleza alikaa nami, akalia kidogo, akaenda kupika.

Sasa lile ninalopaswa kukuambia. Timu haipo. Wiki iliyopita Mkuu wa Chuo alinipa nafasi kwenye kikao. Alisema, "Madamu, wameshinda, ingawa mezani. Wewe ndiye mlezi. Ukitaka waendelee, wataendelea." Wote wakanitazama. Ningesema neno moja tu. Nilisema, "Walime." Sikusukumwa na mtu. Nilikuwa nimechoka, kaka, na kuchoka kwenyewe hakukuwa na hata machozi. Siku iliyofuata nikaomba ruhusa, na nilipoipata nikaja huku.

Kwa hiyo nakusihi, kama kuna namna barua hii inaweza kukuwahi: usimchinje Bihogo. Hakuna timu ya kuchinjiwa. Mrudishe, hata polepole, hata kwa wiki mbili. Tumchinje hapa, kwa ajili ya Kyarisiima. Watu wa kwao waje kutoka ng'ambo wale nyama, nami nikae mlangoni niwapokee. Taata akikasirika nitamjibu mimi.

Nampa kijana mmoja wa pikipiki barua hii asubuhi hii. Amesema atafika kesho.

Mdogo wako,
Asiimwe


Kanoni, nyumbani kwako.
9 Agosti 2024

Asiimwe,

Natumaini huko uliko u mzima. Jirani yako amenipa ufunguo, hajui umekwenda wapi. Paka na watoto wake nimewapa maziwa. Mtoto wa Muhwezi amelala, miguu imemvimba.

Tulifika jana, Alhamisi, kama nilivyoandika. Bihogo alitembea vizuri. Kila kijiji watu walisimama kutazama pembe zake. Mzee mmoja kule Nyakasimbi aliniuliza ninampeleka mahari wapi. Nikamwambia ninampeleka kwa washindi.

Nilimpitisha moja kwa moja uwanjani. Nilikuta wanachuo wamejipanga na majembe. Nusu ya uwanja ilikuwa imegeuzwa, udongo mwekundu, na mlingoti mmoja wa goli wameshauchimbua. Yule kijana mrefu alitupa jembe akaja kunipokea. Ana kidole kilichopinda. Sikuhitaji kuuliza jina. Alisema, "Shikamoo, baba. Timu imevunjwa." Nikamuuliza nani kaivunja. Akaangalia majembe. Sikumuuliza tena.

Ningeweza kurudi na Bihogo. Nilifikiria sana, nimesimama pale na kamba mkononi. Lakini siku nne za kurudi nikimwangalia mgongo, Asiimwe, na kesho yake nifungue zizi nimkute tena ananitazama? Sikuweza. Nilimfunga kwenye mlingoti uliobaki. Leo asubuhi tumemchinja.

Desderius aliileta ngoma. Niliipiga kidogo. Hakucheza mtu. Walikula wamekaa kwenye matuta, majembe pembeni, kama watu waliokodiwa. Nyama ilikuwa ngumu. Mmoja alisema asante, akaniuliza kama ni kweli zamani watu walikuwa wanacheza hapa mpaka wageni. Nikamwambia ni kweli.

Nyama niliigawa mwenyewe, kama Taata alivyotufundisha, kila mtu na fungu lake. La Mkuu wa Chuo, la mpishi, la mwamuzi asiyekuwepo. Lako nimelipaka chumvi nikalining'iniza juu ya jiko, halitaharibika, utalikuta. Halafu nikakata fungu jingine, la ubavu, lenye mafuta kidogo, nikalifunga kwenye jani la mgomba, nikainuka nalo. Nilikuwa nimeshageuka na kupiga hatua kwenda kulitia kwenye kikapu cha safari ndipo nikakumbuka.

Ni la Kyarisiima. Anapenda ubavu. Nimelikata kwa mazoea.

Vijana walikuwa wananitazama. Sikuweza kulirudisha kwenye nyama nyingine, na sikuweza kumpa mtu. Nimekuja nalo hapa kwako. Liko mezani, mbele yangu, kwenye jani lake, nami sijui nilipeleke wapi.

Sostenes